Mto usio na mvuvi hauna mtetezi

Mwezi wa Julai humkumbusha mkazi wa Nairobi maana ya jina la mji wake. Wamaasai walionywesha mifugo yao hapa kabla ya reli kufika mwaka wa 1899 walipaita mahali pa maji baridi, na hawakukosea. Katika mitaa yetu ya Eastlands, kuanzia Shauri Moyo hadi Umoja na Dandora, jua la Julai huweza kujificha kutwa nzima, makaa yakapanda bei, na watoto wakaenda shuleni wamevikwa sweta mbili mbili. Ni msimu ambao mtu mwenye akili timamu hujikunyata karibu na jiko. Nami, msomaji mpendwa, katika Julai ya namna hiyo nilisimama ndani ya mto, maji yakinifika magotini, saa moja ya asubuhi, nikimsaka samaki mmoja.

Sababu ya wazimu huo ni jirani yangu. Yeye ni mzee anayekaribia umri wa miaka themanini, mwenyeji wa Gatanga katika Murang'a, aliyehamia Umoja kuishi kwa mwanawe baada ya kufiwa na mkewe. Jioni moja nilikuwa kwake tukitazama televisheni. Wakaonyeshwa Wamarekani waliovaa suruali za mpira zilizowafika kifuani, wamesimama katikati ya mto, theluji ikiwaangukia mabegani, wakirusha mishipi yao bila kuchoka. Msimulizi alieleza kwamba samaki huyo husemekana kuwa ni wa kurushiwa ndoana mara elfu moja kabla hajaigusa. Wajukuu wa mzee walicheka hadi machozi yakawatoka. Mzee hakucheka. Samaki alipotolewa majini, aliinuka kitini, akasogea karibu na kioo, akasema, "Huyu namjua. Nilimbeba miaka minne, wala sijapata kumwonja."

Nilidhani uzee umeanza kumchezea. Nilipokwenda kusoma habari za samaki huyo nikagundua kwamba mzee alisema kweli tupu.

Samaki yule ni trauti wa upinde wa mvua, na asili yake ni mito inayomwagika katika Bahari ya Pasifiki, upande wa Amerika ya Kaskazini na upande wa Kamchatka nchini Urusi. Baadhi yao hukaa mtoni walikozaliwa maisha yao yote. Wengine, wa jamii ile ile, huteremka hadi baharini wakingali wadogo, wakanenepa huko kwa miaka kadhaa, kisha wakarudi katika mito yao kutaga mayai kwenye changarawe. Huyo msafiri hurudi na rangi ya fedha inayong'aa, na Wamarekani wamempa jina lenye maana ya kichwa cha chuma. Wako wanaopanda mito wakati wa baridi kali, kati ya Novemba na Aprili. Wakati huo maji ni baridi mno, damu ya samaki imepoa, naye hana haraka ya kula. Hulala kwenye vina vya maji yaliyotulia, nyuma ya mawe makubwa, akihifadhi nguvu zake. Mvuvi hana budi kumpitishia chambo mbele ya pua, tena polepole, tena mara nyingi. Siku nzuri ya kumvua ni ile mvua inapokwisha, mto ukaanza kupungua, na maji yakaacha kuwa tope na kugeuka rangi ya kijani. Na tofauti na salmoni wa Pasifiki, ambaye hufa akishataga, huyu huweza kurudi baharini na kuja tena.

Basi amefikaje Gatanga? Aliletwa. Mwaka wa 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka ziwa la Loch Leven huko Scotland, akawatia katika mto Gura unaoteremka kutoka milima ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua. Kiasi cha mwaka wa 1910 wakafuata wale wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Walowezi hawakuwaleta ili kuwalisha wenyeji. Waliwaleta ili wapate mchezo waliouzoea kwao. Uvuvi ukawa wa leseni, wa fito nyepesi na ndoana zilizofungwa manyoya na nyuzi kuiga wadudu. Samaki walistawi katika mito ya Nyandarua na ya Mlima Kenya kwa kuwa maji yake ni baridi na yenye oksijeni nyingi. Lakini kwenda baharini kama ndugu zao wa Pasifiki hawawezi. Wakiteremka nyanda za chini watakuta maji yamepata joto na kujaa udongo, na trauti akiwa katika maji yanayokaribia nyuzi 25 za joto hafiki mbali. Kwa hiyo tunaye kichwa-chuma aliyefungiwa mlimani.

Mwaka wa 1961, akiwa kijana wa miaka kumi na mitano, jirani yangu aliajiriwa na mlowezi mmoja kumbebea kikapu cha samaki. Alijifunza kuusoma mto kama wenzake walivyojifunza kusoma vitabu. Alijua jiwe gani lina samaki na lipi halina. Hata hivyo kikapu kilipojaa alikifikisha jikoni kwa bwana wake, akapewa ujira wake, akaenda zake. Na vijana wa kijiji waliothubutu kuingia mtoni na kikapu cha kutegea walifukuzwa kama wezi. "Mto ulikuwa wetu wa kuchota maji," aliniambia, "samaki hawakuwa wetu." Wageni wale walipoondoka baada ya uhuru, naye alikwenda kutafuta kazi Thika, na hakushika tena ufito.

Ndipo tukakubaliana kwenda. Mwanawe alipinga, akisema baridi itamwua mzee. Mzee akamjibu kwamba kilichoshindwa kumwua katika ujana wake hakitamwua sasa. Tulipanda matatu hadi Thika, tukapanda nyingine hadi Gatura, na kutoka hapo tukaingia pande za msitu wa Kimakia, ambako mto wa jina hilo hupita chini ya miti ya asili na mianzi. Tulilipa ada ya kibali, tukaazima ufito, tukalala usiku mmoja, na alfajiri tukateremka mtoni.

Mzee aliketi juu ya gogo, blanketi mabegani, akawa mwalimu. Kwanza alinikataza kukaribia maji. "Samaki huelekeza kichwa mto unakotoka, kwa kuwa chakula chake huletwa na maji. Wewe mjie kutoka nyuma. Na kivuli chako kisitangulie." Kisha akanionyesha mahali ambapo maji ya kasi yalikutana na maji ya pole, nyuma ya jiwe lililofunikwa na kuvu. Mahali hapo, alisema, samaki hupumzika bila kutumia nguvu huku mlango wa chakula ukiwa wazi mbele yake. Kwa sababu ya baridi, chambo hakina budi kuzama karibu na changarawe, kwani trauti hatapanda juu kukifuata. Nilirusha, manyoya yakanasa kwenye mti. Nilirusha tena, yakanasa kwenye koti langu. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Vidole vilikufa ganzi nisijue kama nimeshika mshipi au la. Nilianza kuwaelewa wale Wamarekani wa kwenye theluji: hakuna adui wala mshindani pale, kuna mtu na subira yake tu.

Mnamo saa nne mshipi ulisimama. Nilidhani nimenasa jiwe, mpaka jiwe lilipoanza kukimbia. Mzee aliacha blanketi lake likaanguka majini, akawa anapiga kelele kwa Kikuyu na Kiswahili kwa pamoja: legeza, vuta, mwache akimbie! Nilipomfikisha ukingoni hakuzidi urefu wa kiganja na nusu. Ubavuni alikuwa na mstari wa rangi ya waridi, na mwili wake umetapakaa madoa meusi kama mtu aliyenyunyiziwa wino.

Nilikuwa nimesoma kwamba wavuvi wengi siku hizi humrudisha samaki majini, nami nilidhani ni uungwana kufanya hivyo. Nikamwuliza mzee. Alinitazama kwa muda mrefu. "Hao wanaomrudisha," alisema, "walikwisha kumla." Sikuwa na jibu. Tuliwasha moto, tukamchoma kwa chumvi tu, na nilimwachia mzee karibu samaki mzima. Alikula polepole, akatoa miba mmoja mmoja na kuipanga juu ya jani. Baada ya miaka zaidi ya sitini alikuwa ameonja alichokibeba. Hakusema ni kitamu wala si kitamu. Alisema tu, "Kumbe."

Lau makala haya yangekuwa juu ya samaki pekee, ningeishia hapo. Lakini mzee alikuwa na jambo jingine. Alinyosha kidole kuelekea maji yanakokwenda, akaniuliza kama najua mwisho wake. Nilijibu kwamba huenda Thika, kisha Tana, kisha bahari. "Mengine ndiyo," alisema, "na mengine tutayakuta Umoja."

Ni kweli, na ni ukweli ambao wakazi wengi wa Eastlands hawaujui. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka wa 1994 na lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, hukusanya maji ya mto Thika na wenzake katika milima hiyo hiyo. Maji yake hupitishwa kwenye mahandaki yaliyochimbwa chini ya vilima, yakaungana na ya mito Kiama na Kimakia, hadi mto Chania, kisha yakaingia katika mitambo ya kusafishia ya Ngethu na hatimaye kuja Nairobi. Sehemu kubwa ya maji tunayokunywa hutoka huko. Maji anayoishi trauti ndiyo tunayopikia ugali. Samaki huyo ambaye hawezi kuvumilia joto wala uchafu ndiye mwonjaji wetu wa kwanza. Siku atakapotoweka Kimakia, sisi wa Umoja tutakuwa na sababu ya kuogopa.

Tazama basi tunayafanyia nini maji hayo. Tulirudi nyumbani tukakuta mfereji umekauka, kwa maana mtaani kwetu maji huja kwa zamu. Siku mbili baadaye yakaja, mama wa nyumba wakajaza mitungi, wakafua, wakaosha, na yaliyobaki yakashika njia ya mtaro. Na mtaro, katika sehemu nyingi za Eastlands, huishia mtoni. Yaani tunaletewa maji ya trauti kwa mahandaki ya gharama kubwa, nasi tunayarudisha katika mto Nairobi yakiwa hayamfai hata chura.

Mimi nilizaliwa Shauri Moyo. Katika miaka ya sitini, tukiwa watoto, tuliteremka mtoni karibu na Kamukunji tukiwa na kipande cha chandarua na kopo la maziwa. Tulivua visamaki vyembamba visivyozidi kidole, na mwenye bahati alipata kambale mdogo wa masharubu. Mama zetu walituchapa kwa kulowesha nguo, si kwa kushika maji machafu. Sijui siku hasa tulipoacha kwenda. Haikuwa siku moja. Mwaka mmoja maji yalinuka, mwaka uliofuata visamaki vilipungua, na wadogo zetu waliokuja baadaye hawakuzaliwa na hamu ya kushuka huko. Jaa la Dandora lililofunguliwa mwaka wa 1975 kwenye ukingo wa mto huo huo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, lakini magari ya taka hayakuacha kumimina. Leo mtoto wa Korogocho au Kariobangi akiulizwa mto ni nini atajibu kwamba ni mahali pa kutupa.

Nadhani hapo ndipo penye kiini cha mambo. Tumezoea kusema kwamba mto ulichafuka, ndipo wavuvi wakaondoka. Mimi naona kinyume chake pia ni kweli: wavuvi walipoondoka, mto ulibaki yatima. Mtu anayetoa kitoweo mtoni huwa mlinzi asiyelipwa mshahara. Yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba rangi ya maji imebadilika, ndiye wa kwanza kumfokea anayemwaga mafuta machafu. Mto usio na mvuvi hauna shahidi, na usio na shahidi hauna mtetezi.

Wako watakaonijibu kwamba haya ni mawazo ya mtu aliyeshiba; kwamba anayeishi chumba kimoja Mukuru au Mathare hana nafasi ya kufikiria samaki. Nawaheshimu, lakini siwaafiki. Mto mchafu hauwadhuru wakazi wa vilima vya magharibi mwa jiji, ambao huupata ungali mchanga karibu na chimbuko lake kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu. Unawadhuru wa chini, na wa chini ni sisi. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoikumba Mathare, si maji ya mvua pekee yaliyoingia vyumbani, bali pia taka za jiji. Na baada ya mafuriko, waliokuwa wamejenga kando ya mito walibomolewa. Wao ndio waliolipa, ilhali wenye mabomba ya siri ya kumwaga majitaka hatukuwaona wakibomolewa chochote.

Wengine watasema kwamba mto ukishakufa hauwezi kufufuka. Hao nawapeleka kwa kichwa-chuma. Katika jimbo la Washington huko Marekani, mto Elwha ulizibwa kwa mabwawa mawili kwa muda wa karibu karne nzima, na samaki waliokuwa wakipanda kutoka baharini wakazuiwa. Kati ya mwaka wa 2011 na 2014 mabwawa yale yalibomolewa. Samaki hawakungoja kualikwa. Walipanda wenyewe hadi sehemu ambazo babu zao walifungiwa, na vichwa-chuma walikuwa miongoni mwao. Mto una kumbukumbu ndefu kuliko binadamu, mradi apishwe njia.

Nasi hatujapungukiwa na miradi. Tangu mwaka wa 1999 kumekuwa na mpango baada ya mpango wa kuokoa mito ya Nairobi. Marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira kuanzia mwaka wa 2008, alionyesha kwamba hata sehemu ya mto iliyo katikati ya jiji inaweza kusafishwa ikiwa mkubwa ameamua. Mwaka wa 2025 Serikali ilizindua mradi mwingine mkubwa zaidi. Ninauombea heri. Lakini nina hofu moja: kwamba utahesabu kilomita za kuta zilizojengwa na idadi ya vijana walioajiriwa kuokota plastiki, na usihesabu kitu kimoja kilicho hai ndani ya maji.

Napendekeza kipimo kingine, tena kisichogharimu fedha nyingi. Sidai trauti aletwe Kamukunji. Yeye ni wa mlimani, na maji yetu, hata yakitakata, hayatakuwa na ubaridi unaomfaa. Nadai wale wenyeji wa zamani. Mto Nairobi huingia Athi, Athi ikawa Galana, Galana ikawa Sabaki na kumwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Katika njia hiyo wako mikunga wa maji matamu wanaofanya safari iliyo kinyume cha ile ya kichwa-chuma: huzaliwa baharini, wakapanda mito, wakakulia humo, kisha wakarudi baharini kuzaa. Wako kambale, na wako visamaki vyetu vya kopo la maziwa. Kila shule iliyo kando ya mto, kutoka Pumwani hadi Dandora, ipewe sehemu yake ya kuangalia. Watoto waandike mara moja kila muhula walichokiona kikiogelea. Takwimu hizo zibandikwe hadharani, pamoja na majina ya mabomba yanayomwaga uchafu mahali hapo. Tukifika siku ambayo mtoto wa Shauri Moyo atachapwa tena kwa kulowesha nguo, tutajua kwamba mradi umefaulu.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Trauti ni mgeni aliyeletwa kwa anasa ya wachache, na mzee jirani yangu alilipa gharama ya anasa hiyo kwa mgongo wake. Hata hivyo mgeni huyo amenifundisha maji safi ni kitu gani, kwa kunisimamisha ndani yake hadi meno yakagongana.

Jumamosi iliyopita nilimkuta mzee amekaa nje na mjukuu wake wa mwisho, wamekunja waya mwembamba kuwa ndoana na kuifunga manyoya ya kuku. Mtoto aliniuliza kama mto ulio karibu na kwetu una samaki. Nilitaka kusema hapana. Mzee alinitangulia. "Bado," alimwambia.